Kufaa kwa Mwili na Kufaa kwa Sharia: Mas-ala ya Bangi na Maradhi ya Fizi

Twaanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, na twamuomba ampe rehema na amani Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Mji wa Tunduma, ambako karatasi hizi zaandikwa, uko mwisho wa njia kuu itokayo Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 900, na hapo ndipo Tanzania inapopakana na Zambia. Maduka ya huku na maduka ya Nakonde yatazamana, na watu huvuka asubuhi kwa biashara wakarudi jioni. Ndugu zetu wengi wa Pwani, watu wa Tanga na Dar es Salaam na Mombasa, hupita hapa na magari ya mizigo wakingojea zamu ya kuvuka, na wengine wamehamia wakaoa na kujenga. Kwao ndiko litokako suala tunaloulizwa mara kwa mara, nalo ni hili: Mtu fizi zake zatoka damu na meno yake yameanza kulegea. Amesikia kwamba wataalamu wamegundua ndani ya bangi dawa ya maradhi ya fizi, na kwamba nchi ya ng'ambo imekwisha kuiruhusu bangi kwa tiba. Je, yafaa kwa Muislamu kujitibu kwayo?

Majibu mawili yamekwisha kutolewa barazani kabla ya wanavyuoni kuulizwa. Wa kwanza husema: Bangi ni haramu, na haramu haina kheri hata chembe, basi hao wasemao kuwa ina dawa ni waongo. Wa pili husema: Imethibiti kuwa ina dawa, na Mwenyezi Mungu hakuumba kitu bure, basi uharamu wake umeondoka. Wawili hawa wapingana kwa maneno, lakini kosa lao ni moja. Neno letu "yafaa" lina maana mbili. Twasema mwarubaini wafaa kwa homa, na muradi wetu ni kuwa waleta manufaa mwilini. Na twasema haifai kula mchana wa Ramadhani, na muradi wetu ni kuwa sharia haikuruhusu. Kufaa kwa kwanza hujulikana kwa majaribio, na wenye kuulizwa ni matabibu. Kufaa kwa pili hujulikana kwa dalili za sharia, na wenye kuulizwa ni wanavyuoni. Yule wa kwanza ameona kitu hakifai kwa sharia, akadai kuwa hakifai kwa mwili. Na wa pili amesikia kuwa kitu chaweza kufaa kwa mwili, akadai kuwa chafaa kwa sharia. Kila mmoja amebisha mlango mmoja akaingia mwingine.

Wanavyuoni wa usuli wametufundisha kuwa kukihukumu kitu ni tawi la kukijua. Basi na tuanze na kujua.

Maradhi yenyewe asili yake ni uchafu. Kila siku juu ya meno hujifanya utando laini uliojaa vijidudu, nao usipoondolewa huganda ukawa ukoga mgumu. Vijidudu hivyo, na mashuhuri katika hivyo ni kile kiitwacho Porphyromonas gingivalis, huushambulia ufizi, nao hufura, ukawa mwekundu, ukatoka damu mtu apigapo mswaki. Hapo maradhi bado ni mepesi, na hurudi nyuma kwa kusafisha tu. Yakiachwa, mwili hupeleka askari wake kupigana na vijidudu, na vita vikirefuka, askari huiharibu nchi waliyokuja kuilinda: mshikizo wa jino hukatika, mfupa unaolibeba huliwa, kinywa hunuka, na jino zima lisilokuwa na tundu hung'oka lenyewe. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2022, lilikadiria kuwa maradhi makali ya namna hii yamewapata watu zaidi ya bilioni 1, kiasi cha asilimia 19 ya watu wazima wa dunia. Tumbaku huyazidisha, na kisukari pia huyazidisha.

Ama mmea, ndani yake mna vitu zaidi ya 100 ambavyo wataalamu huviita kanabinoidi. Viwili ndivyo mashuhuri. Kimoja ni tetrahidrokanabinoli, nacho ndicho kinacholevya, na umbile lake lilijulikana sawasawa mwaka 1964. Cha pili ni kanabidioli, ambacho umbile lake lilielezwa mwaka 1963, nacho hakimlevyi mtu. Kisha mwaka 1992 wataalamu wakatangaza kuwa mwili wa mwanadamu wenyewe hutengeneza kitu chenye kazi iliyo jamii ya hiyo. Na ikaonekana kuwa chembe za mwili zina vipokezi vyake, hata katika ufizi. Hapo ndipo walipojiuliza: Je, kitu kitokacho mmeani hakiwezi kuvituliza vita vya ufizi?

Mwaka 2009 watafiti wa Brazil walitoa khabari ya jaribio lao juu ya panya. Waliwafunga panya uzi kwenye meno ili wapate maradhi ya fizi, kisha wakawapa baadhi yao kanabidioli. Waliopewa, mfupa wao uliliwa kidogo kuliko wa wale wasiopewa, na ufizi wao ulifura kidogo. Baadaye wengine wakajaribu juu ya chembe za mwili, na juu ya utando wa meno uliotolewa vinywani mwa watu ukaoteshwa katika vyombo, wakaona dalili za kutia tamaa. Na mwaka 2019 watafiti wa Marekani wakaeleza kuwa vitu hivi huwalegeza askari wa mwili wanapokutana na vijidudu vya kinywani. Jambo hilo lina pande mbili: kuwalegeza askari kwaweza kuwa kheri vita vikipindukia mpaka, na kwaweza kuwa shari adui akiwa bado yumo nyumbani. Majaribio juu ya wagonjwa wenyewe yameanza, lakini ni machache na ya muda mfupi. Hiyo ndiyo haki ya khabari, bila ya kuongeza wala kupunguza: lipo jambo la kutumainiwa, wala halijawa dawa iliyothibiti.

Na ipo khabari ya pili ambayo wauzaji hawaisemi. Katika mji wa Dunedin, New Zealand, wataalamu wamewafuata tangu utoto watu waliozaliwa mwaka 1972 na 1973. Katika matokeo yaliyotangazwa mwaka 2008, watu 903 walitazamwa vinywa vyao walipofikia miaka 32. Waliovuta bangi kwa wingi walionekana kuwa na khatari mara 3 hivi kuliko wasiovuta kabisa ya kupoteza mshikizo wa jino kwa milimita 5 au zaidi, na hayo ni baada ya kutoa hesabu ya tumbaku. Tazama basi, ndugu msomaji. Mmea ni mmoja. Kitu kimoja kilichotolewa ndani yake na kupimwa kwa mizani chatumainiwa kuuponya ufizi, na moshi wake waula ufizi huohuo. Mwenye kusema "bangi ni dawa ya fizi" kisha akawasha sigara yake, amefanana na mtu aliyesikia kuwa kuni zapika chakula akaitia moto nyumba yake.

Sasa tuingie katika mlango wa sharia.

Katika Suratul-Baqara Mwenyezi Mungu ametaja ulevi na kamari, akabainisha kuwa ndani yake mna dhambi kubwa na mna manufaa kwa watu, na kuwa dhambi yake yashinda manufaa yake. Aya hii yawajibu wote wawili waliotangulia. Yule aliyeogopa kukiri manufaa na aone kuwa Mola wetu mwenyewe ameyataja manufaa ya ulevi wala hakuyaficha, na dini haikupungukiwa kwa kuyataja. Na yule aliyedhani kuwa manufaa yafuta uharamu na aone kuwa manufaa yalitajwa, na kisha uharamu ukathibiti. Sharia haikatazi kwa kuwa kitu hakina kheri yoyote. Yakataza kwa kuwa shari yake yazidi. Kwa hiyo mtu hahitaji kuukana ukweli wa matabibu ili ailinde dini, wala hahitaji kuikana dini ili aukubali ukweli wa matabibu.

Lakini je, haja ya tiba haibadili hukumu? Hapa pana maneno. Mtume (s.a.w.) ametuhimiza tujitibu, na ametufahamisha kuwa kila maradhi yana dawa yake. Kisha alipoulizwa na sahaba juu ya kufanya ulevi kwa ajili ya dawa, alikataa, akaueleza kuwa ni maradhi wala si dawa. Na hadithi hiyo imo katika Sahihi ya Muslim. Na imepokewa pia kuwa poza ya umma huu haikuwekwa katika vilivyoharamishwa. Pamoja na hayo, katika Bukhari na Muslim imo khabari ya watu wa Urayna, ambao hawakuweza hali ya hewa ya Madina, naye Mtume akawaagiza wanywe maziwa na mikojo ya ngamia, na mikojo katika madhehebu yetu ni najisi. Mafakihi wa Kishafii wakazikusanya hadithi hizi pamoja: ulevi mtupu haufai kuwa dawa, ama najisi nyingine yafaa kwa tiba palipo na haja, ikiwa hapakupatikana kilicho safi cha kushika mahali pake. Na Imamu Izzud-Din bin Abdis-Salam, aliyefariki mwaka 660 wa Hijria (1262), ameeleza sababu yake: maslaha ya afya na uzima ni makubwa kuliko maslaha ya kuiepuka najisi.

Ama bangi hukumu yake ina njia yake. Kwanza na ijulikane kuwa jina lisitughuri. "Al-banj" katika vitabu vya matabibu wa Kiarabu mara nyingi ni mmea mwingine kabisa, wala si bangi yetu hii. Bangi yetu wao waliiita "qinnab", na walaji wake wakaiita "hashishi". Mwanafunzi akifungua kitabu akakuta neno "al-banj" asiharakishe kutoa fatwa. Imamu Badrud-Din Az-Zarkashi, Mshafii aliyefariki mwaka 794 wa Hijria (1392), ameiandikia hashishi risala peke yake, Zahrul-Arish, kuueleza uharamu wake. Mashekhe wetu wameikata hukumu hivi: mmea huu mwili wake ni tohara, na uharamu wake ni kwa sababu waharibu akili, mwenye kuutumia kwa kustarehe hutiwa adabu, wala hapigwi hadi ya mnywa ulevi. Na Imamu An-Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijria (1277), ameeleza katika Majmuu kuwa yajuzu kunywa dawa ya kuondoa akili kwa haja, mfano wa mtu anayekatwa mkono ulioozeshwa na donda. Basi mlango wa tiba haukufungwa, lakini umewekewa bawabu, na huyo bawabu ni sharti. Tutazitaja sharti nne, kisha tupime kwazo fizi za ndugu yetu.

Sharti ya kwanza ni kuwa manufaa yajulikane kwa neno la tabibu mjuzi na mwaminifu. Kwa maradhi ya fizi sharti hii haijatimia. Panya ni kiumbe cha Mwenyezi Mungu na yatufundisha mengi, lakini panya si mtu, na chombo cha maabara si kinywa. Kwa dhana changa kama hii haifunguliwi haramu.

Sharti ya pili ni kuwa isipatikane dawa ya halali ishikayo mahali pake. Na hapa, enyi ndugu, hoja yote yaanguka. Dawa ya maradhi haya yajulikana, nayo ni kuondoa utando kila siku kwa mswaki, na kumwendea daktari wa meno auondoe ukoga ulioganda juu ya jino na chini ya ufizi, na kuacha tumbaku, na mwenye kisukari kuitengeneza sukari yake. Umma huu uliambiwa na Mtume wake kuwa lau si kuchelea kuwatia taabuni, angaliwaamrisha kupiga mswaki kwa kila sala. Nasi tuna sala tano mchana na usiku. Lau mtu angalishika sunna hii kwa haki yake, utando usingepata wakati wa kuganda. Leo mtu huupita mti wa mswaki sokoni kila siku asiununue, akaziacha sunna tano kwa siku kwa miaka ishirini, kisha meno yakilegea aja kuuliza juu ya dharura. Dharura ni mlango wa aliyekosa njia, wala si mlango wa aliyeiacha njia.

Sharti ya tatu ni kuwa kiasi kipimwe, kisiguse akili. Kanabidioli iliyotengwa na kupimwa yaweza kutimiza sharti hii. Majani yaliyofungwa katika karatasi hayawezi, kwani hapana ajuaye kiasi gani cha kileo kimo ndani yake, na moshi wenyewe umekwisha thibiti kuwa ni dhara kwa ufizi. Na zaidi ya hayo, wengi wa waulizaji ni madereva. Mtu aliyeshika usukani wa gari la mizigo katika miteremko ya njia hii ameshika amana ya roho za watu, na akili yake si yake peke yake.

Sharti ya nne ni kuwa tiba isilete dhara kubwa kuliko maradhi, wala isivunje amri ya wenye mamlaka katika jambo ambalo sharia imewaachia. Tanzania, kwa sheria yake ya mwaka 2015 ya kudhibiti na kupambana na dawa za kulevya, imekataza kulima bangi, kuwa nayo, kuiuza na kuitumia, na adhabu zake ni nzito. Jino moja halistahiki kumfunga baba jela na kuwaacha watoto bila ya mlezi.

Watu husema: Mbona Zambia imeruhusu? Na mbona Malawi, ng'ambo ya mto Songwe kwa upande wa Ileje, nayo imeruhusu? Jawabu ni kuwa khabari hiyo imekatwa nusu. Malawi ilipitisha sheria yake mwaka 2020, na Zambia mwaka 2021, na sheria hizo ni za wenye leseni, kwa ajili ya tiba na utafiti na viwanda, chini ya macho ya serikali. Auzaye kifurushi kichochoroni hana leseni, na mkosaji huyo ni mkosaji pande zote mbili za mpaka. Husemwa pia kuwa Umoja wa Mataifa umeihalalisha. Hilo si kweli. Mwezi wa Desemba 2020 kamisheni yake ya dawa za kulevya, kwa kura 27 dhidi ya 25, iliiondoa bangi katika orodha ya vitu vibaya kabisa visivyotumainiwa kwa tiba, lakini ikaiacha katika orodha ya vitu vinavyodhibitiwa. Na hata ingalikuwa kama wasemavyo, kura za mataifa zatufahamisha kanuni za mataifa tu. Mpaka wa Tunduma ni mpaka wa serikali mbili. Si mpaka wa halali na haramu. Mwenye kuvuka njia hatua kumi hakumuacha Mola wake nyuma.

Huenda mtu akatuuliza: Je, matabibu wakithibitisha kesho, mtasemaje? Twasema wazi, wala hatutaficha. Ikithibiti kwa watu wajuzi na waaminifu kuwa kanabidioli iliyotengwa, isiyolevya, yaponya fizi za mgonjwa asiyepata poza kwa njia nyingine, na serikali ikairuhusu, basi hatutasema kuwa ni haramu. Hukumu huzunguka pamoja na sababu yake, na sababu ya uharamu wa bangi ni kuharibu akili. Palipokosekana sababu, hukumu haina pa kusimama. Wala asitupinge mtu kwa mas-ala ya siki, akisema kuwa ulevi uliogeuzwa siki kwa kutiwa kitu hautohariki katika madhehebu yetu. Hayo ni kwa kuwa ulevi ni najisi, nacho kilichotiwa kikanajisika nao. Ama mmea huu tumekwisha sema kuwa mwili wake ni tohara. Kumharamishia mgonjwa dawa bila ya dalili ni kumsingizia Mwenyezi Mungu, kama vile kumhalalishia kileo bila ya dalili.

Twasisitiza jambo hili kwa kuwa lililo khatarini ni kubwa kuliko meno. Vijana wetu leo wasoma khabari za dunia kabla ya kutoka kitandani. Mwalimu akiwaambia kuwa mmea huu hauna faida yoyote, nao wakaona kwa macho yao kuwa matabibu waaminifu wautafiti, hawatasema kuwa mwalimu hakujua tiba. Watasema kuwa mwalimu alisema uwongo. Na aliyedhaniwa uwongo juu ya mmea atadhaniwa uwongo juu ya sala na saumu. Dini ya haki haihitaji kulindwa kwa uwongo, na mwenye kuilinda hivyo aivunja kwa mkono wake. Vivyo hivyo yule asemaye "wataalamu wamethibitisha" hali ya kuwa hawajathibitisha, naye amebeba ushahidi wa uwongo, na huenda akabeba pia dhambi ya kijana aliyeanza kuvuta kwa neno lake akaishia kupoteza meno na akili pamoja.

Basi muhtasari wa jawabu ni huu. Kuwa ndani ya bangi mna kitu chaweza kuufaa ufizi, hilo ni jambo la matabibu, na twalipokea kwa kadiri ya hoja zao. Kuvuta bangi au kuila kwa ajili ya fizi ni haramu, na moshi wake wayazidisha maradhi yenyewe. Dawa iliyotengwa isiyolevya haijathibiti, wala haina ruhusa huku kwetu, basi na tungoje. Na mwenye fizi zinazotoka damu leo asingoje kitu: na ashike mswaki kwa kila sala, aache tumbaku, na aende kwa daktari wa meno kabla mfupa haujaliwa, kwani mfupa ukiisha kuliwa haurudi kwa urahisi.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atupe afya ya miili na salama ya akili, na ajaalie ndimi zetu ziseme kweli, iwe ni kwa tunalolipenda au tunalolichukia. Wallahu aalam.